Shangazi Akikatwa Kichwa

Ujumbe wenyewe ulikuwa na mistari mitatu. Nauweka hapa kama ulivyokuwa, mjihukumie wenyewe:

Shangazi akikatwa kichwa, kitabaki cha kupandia (5)
Kima kachanganyikiwa, yuko nyuma ya ng'ombe (4)
Mali igeuzwe, ushike jembe (4)

Niliutuma saa nne na nusu usiku, nikazima sauti ya simu, nikalala usingizi wa mtu aliyeridhika na nafsi yake. Nilidhani nimemtumia mwenzangu wa ofisini. Kumbe nimeutupa kwenye kundi la ukoo, lenye watu 38, ambalo kwa miezi miwili halikuwa na mazungumzo mengine ila nyumba ya marehemu babu pale Ngamiani, na hati yake ambayo shangazi hataki kuitoa mkononi.

Huyo mwenzangu ndiye aliyeniambukiza. Anakusanya chemshabongo za magazeti ya Uingereza, na si zile za "mji mkuu wa Ufaransa, herufi 5". Zake ni za mafumbo. Kila kidokezo ni sentensi ya kawaida kabisa, na yote inakudanganya. Upande mmoja, mwanzoni au mwishoni, pana maana ya neno linalotafutwa. Upande uliobaki ni maelekezo ya kulitengeneza neno hilohilo. Ukisoma kwamba mtu kalewa, kapagawa au kavunjika, ujue herufi za neno la jirani yake zivurugwe. Ukisoma kwamba kuna aliyekatwa kichwa, ondoa mwanzo wa neno. Namba ya kwenye mabano ni idadi ya herufi. Basi. Kosa lako litakuwa moja tu, kuamini kilichoandikwa.

Kwa Kiingereza nilikuwa hovyo. Wiki nzima nilipata neno moja, na hilo nalo alininong'oneza. Ndipo nikajiuliza, mbona nisitunge za Kiswahili? Tabu niliyokutana nayo mwanzoni ni ya kugeuza neno. Waingereza huligeuza herufi kwa herufi kutoka nyuma. Kiswahili ukikifanyia hivyo, mali inakuwa "ilam", na hapo umeumbua lugha bure. Nilitembea na tatizo hilo siku mbili, mpaka nikiwa ndani ya daladala likanijia: kwetu neno hugeuka kwa silabi. Ma-li. Li-ma! Nilicheka peke yangu kwa sauti, konda akanirudishia chenji huku akiangalia pembeni. Jioni hiyo nikagundua kwamba ndani ya shangazi mna ngazi, na sikuona hatari yoyote.

Shangazi aliusoma ujumbe saa nne na dakika arobaini. Yeye hakuona herufi wala silabi. Aliona mtoto wa marehemu kaka yake, aliyesema juzi tu kikaoni kwamba hati ikae kwa wakili, sasa anatangaza mbele ya ukoo mzima kwamba atamkata kichwa, atapindua mirathi, na atashika jembe. Jembe la nini usiku ule, kama si la kuchimbia? Halafu yale mabano. Tano. Akasoma saa tano. Zimebaki dakika ishirini.

Alikunja hati akaificha ndani ya kanga, akajifunga na kanga ya pili, akavuka uchochoro kwenda kwa jirani kwa mbio ambazo, naambiwa, goti lake lilikwisha kuzikataa miaka mingi. Jirani akamwamsha balozi wa nyumba kumi. Balozi akavaa miwani, akasoma kwa makini, akagundua jambo ambalo wengine hawakuliona: kuna nne mbili, na saa nne imekwisha pita. Maana yake kazi mbili nimeshazimaliza. Wakaanza kuhesabu watoto.

Baba Mdogo hakuhangaika sana na roho ya dada yake. Yeye alikwama mstari wa pili. Anafuga ng'ombe wanne wa maziwa, na kila alfajiri yuko nyuma yao na ndoo. Alinipigia simu mara 17. Aliacha ujumbe mmoja tu wa sauti, wa sekunde mbili: "Kima ni mimi?"

Mlango wangu uligongwa saa sita. Balozi na tochi, na vijana wawili wa sungusungu.

"Jembe liko wapi?"

Naishi chumba kimoja cha kupanga. Sina hata kijiko cha pili. Walitafuta chini ya kitanda wakapata ndala moja, kisha wakalipata lile daftari langu. Ndani nilikuwa nimeandika majaribio, kwa mwandiko mzuri tu: "Mjomba apasuliwe, atoke ombaomba." "Bibi avunjwe mara mbili." "Shemeji bila miguu?" Balozi alifunua kurasa polepole, akalifunga, akalitia mfukoni. Kesho yake alilitaja kikaoni kuwa ni orodha.

Kikao kilikuwa kwa Baba Mdogo, chini ya mwembe, saa mbili asubuhi. Nilitoa shikamoo nane nikarudishiwa tatu. Shangazi alikaa mbali, karibu na geti, mkono umeshika kanga pale hati ilipo.

Nilijitetea vibaya. Badala ya kueleza fumbo, nikaanza na historia, nikidhani watu wazima watatulia wakisikia miaka. Nikasema kwamba mwaka 1944 kulikuwa na mwalimu mkuu wa shule huko Uingereza, Leonard Dawe, aliyekuwa akitunga chemshabongo za gazeti la Daily Telegraph. Wiki chache kabla ya majeshi kuvuka bahari kwenda Normandy, Ufaransa, katika Vita Kuu ya Pili, kwenye chemshabongo zake yakaanza kutokea maneno Utah, Omaha, Mulberry, Neptune, Overlord, yote majina ya siri ya vita ile. Wapelelezi wakamfuata wakamhoji, wakakuta hana lolote, wakamwachia.

Nilinyamaza nikisubiri huruma.

"Kwa hiyo," balozi akasema, "hata huko huwa wanakamatwa."

Mtu akauliza mkubwa wetu ni nani. Nikasema hatuna mkubwa, ila watunzi mashuhuri wapo. Kwa mfano wa gazeti la Observer, aliyejiita Torquemada, na aliyemrithi mwaka 1939, akajiita Ximenes. Majina gani hayo? Nami, kwa mdomo wangu mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu, nikaeleza kwamba hao walikuwa wakuu wa ile mahakama ya dini ya Hispania, iliyokuwa ikitesa watu na kuwachoma moto.

Shangazi alivuta kiti chake karibu zaidi na geti.

Aliyeniokoa ni mke wa Baba Mdogo. "Mwacheni aandike," akasema, "huyu akisema anajimaliza." Akaniletea kalenda ya zamani na kipande cha mkaa. Nikaandika upande wa nyuma, kwa herufi kubwa: SHANGAZI. Kisha nikaweka kiganja juu ya SHA.

Kimya. Kuku akapita. Shangazi akanyoosha shingo, akatoa miwani.

"Ngazi," akasema.

"Kitu cha kupandia, shangazi. Na herufi zake ni tano."

Alizihesabu kwa vidole, akarudia. "Ulikuwa unataka kusema ngazi?"

"Ndiyo, shangazi."

"Sasa si ungesema ngazi?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Kima niliichukua herufi kwa herufi, K, I, M, A, nikazichanganya zikawa MKIA, kitu kilicho nyuma ya ng'ombe. Wote wakatikisa kichwa kukubali, isipokuwa mmoja. "Wanyama wote hawa Mungu kaumba," Baba Mdogo akasema, "ukamchagua kima. Halafu ukamweka ng'ombe. Mbuzi hana mkia? Paka hana mkia?" Hapa, kusema kweli, alikuwa na haki. Mtunzi mzuri angeweka paka.

Wa tatu sikuwahi hata kuuandika. Shangazi alikuwa ameshausogelea mwembe, na kiti chake. "Hii ya mali ni kinyume," akasema. "Mali, lima. Utotoni tulikuwa tukizungumza hivi mama asituelewe." Akamgeukia jirani yake, wa rika lake, akamwaga sentensi ndefu ya kinyume, kasi kama cherehani. Jirani alicheka mpaka akaziba mdomo kwa pindo la kanga. Mimi, mtaalamu, nilinasa neno moja tu, "ngamji", na ilipofika jioni ndipo nikaweza kulirudisha mahali pake.

Nilitozwa mchele. Balozi alipouliza kilo ngapi, shangazi alijibu bila kufikiri, "Tano. Si ndivyo alivyoandika kwenye mabano?"

Hati hakuitoa. Ila siku tatu baadaye, saa nne na nusu usiku, simu ikalia. Ni kundi la ukoo, ujumbe kutoka kwa shangazi:

Kazi igeuzwe, nasi tushike jembe, wewe ulale (4)

Watu 11 waliweka kicheko kabla sijamaliza kusoma. Baba Mdogo aliweka vitatu. Nilikuwa nimekaa kitandani, nikawaza kazi, nikaikata silabi mbili, nikazibadilisha nafasi. Halafu niliinuka nikatia komeo.