Mzee, Hapa Koma

Shilingi elfu moja. Ukurasa mmoja, kutaipu na kuprinti, karatasi yangu, wino wangu, feni yangu. Bado mtu anasimama kaunta na kuniambia, "Hebu punguza hivi vialama, vinachafua barua." Vialama! Mikato miwili tu, na anainyooshea kidole kama aliyekuta mawe kwenye mchele.

Tuelewane. Mtu anayeingia steshenari ya Mwenge na karatasi ya Kiswahili akataka itoke kwa Kiingereza ana sababu zake. Barua ya Kiingereza, wanasema, katibu muhtasi anaisoma mara mbili, maana ya kwanza hakuielewa. Sawa. Ila Kiingereza kinakuja na mikato yake kama chipsi na kachumbari, hatuuzi nusu.

Mzee mwenyewe alikuja na mkewe, kanzu imepigwa pasi, bahasha ya kaki mkononi. Alichoandika kwa kalamu ni hiki: mke wangu anayekaa Mbagala atakuja kuchukua nyaraka. Basi. Kiswahili hapo kimetulia, hakimdai mtu chochote. Nikataipu: "My wife, who lives in Mbagala, will collect the documents." Akasogeza miwani, akauliza kile kidude baada ya "wife" kinafanya nini. Nami kwa heshima zote nikamwonyesha kwenye skrini na kumjibu:

"Mzee, hapa koma."

Kimya.

"Umeniambia nikome?"

"Hapana mzee, koma, ile alama ya..."

"Nimestaafu kwa heshima zangu, kijana wa kaunta aniambie nikome mbele ya mke wangu?"

Dakika tano za kuomba radhi, na shikamoo nyingine mbili za dharura. Tangu siku hiyo nasema mkato, na wala sijakosea: neno lenyewe Wagiriki walilitumia kwa maana ya kipande kilichokatwa. Ila wao hawakuwa na kaunta.

Tukaanza upya. Nikamwambia, mzee, chukua dole gumba, ziba yale maneno "who lives in Mbagala". Kimebaki nini? Akasoma: mke wangu atachukua nyaraka. Sasa, anayesoma barua atauliza "mke yupi"? Kama hatauliza, basi yale maneno ya Mbagala ni mgeni tu, kaja na habari ya ziada. Mgeni anapokewa kwa mkato mlangoni na kusindikizwa kwa mkato wakati wa kutoka. Lakini kama bila hayo maneno mtu atauliza "yupi?", basi hayo ni wenyeji, ndiyo yanayomtambulisha mhusika, na hayawekewi mkato hata mmoja.

"Kwa hiyo, mzee," nikasema, nikijiona mwalimu wa tuisheni, "nikiitoa hii mikato kama unavyotaka, Kiingereza kitakuwa kimesema una wake zaidi ya mmoja, na unayemtuma ni huyu wa Mbagala."

Mama alikuwa kwenye benchi anajipepea kwa ncha ya khanga. Khanga ikasimama.

"Hebu rudia hapo, mwanangu."

Mzee akakohoa. Kikohozi hakikuwepo alipoingia.

"Acha mikato," akasema. "Weka hata minne."

"Minne haiwezekani mzee, ni miwili."

"Ngoja kwanza," mama akasimama. "Aliyetaka itolewe ni nani?"

"Nilikuwa naangalia usafi wa karatasi."

"Usafi."

"Usafi, mama nanihii, unajua barua za ofisini..."

Mama akaichukua ile karatasi, akaikagua kwa ukucha mkato kwa mkato. Huu wa pili ni wa nini? Wa kufungia, mama. Ukifungua bila kufunga, sentensi nzima inabaki uchi. Akatikisa kichwa, akasema fungeni vizuri basi. Wakalipa, wakaondoka, yeye mbele, mzee nyuma.

Dakika ishirini baadaye simu ikaita.

"Kijana, upo peke yako?"

"Nipo, mzee."

"Ile mikato... itoe."

Sikuuliza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu mke zaidi ya mmoja, na Kiingereza nacho kinaruhusu, ila kwa kutoa mikato. Nikaprinti upya, na buku ya pili mpaka leo sijaiona.

Ndiyo kero yenyewe hiyo! Watu wanadhani mkato ni ufundi wa mtaipaji. Mkato ni taarifa za nyumbani kwako. "My brother Juma" bila mkato, una kaka wengine. "My brother, Juma," basi kaka ni huyo mmoja. Mimi nitajuaje? Kwa Kiswahili unaandika "kaka yangu Juma" na dunia inaendelea. Kwa Kiingereza inabidi nikuhoji kama karani wa sensa: mpo wangapi, yupi mkubwa, yupi yuko Tandika. Mama mzazi ni rahisi, kila mtu ana mmoja, mkato unawekwa bila maswali. Shangazi ni balaa. Vyenye majina ya pekee navyo havisumbui: Kilimanjaro ni moja tu, kwa hiyo ukitaka kuongeza kwamba una mita 5,895, mikato miwili, twende.

Baba mwenye nyumba mmoja alileta tangazo lake kalitaipu mwenyewe: "Tenants, who have not paid rent, must leave." Nikamwambia, mzee, kwa mikato hii umewafukuza wapangaji wote, na umesema wote hawajalipa, hata yule aliyekupa miezi sita mkononi. Akasema vizuri, na wao wapate hofu.

Halafu kuna wale waliofundishwa kwamba mkato unawekwa pale unapovuta pumzi. Nani aliwaambia? Kwa hesabu hiyo, aliyepanda ngazi mpaka ghorofa ya sita Kariakoo na mzigo kichwani angeandika mkato kila baada ya neno.

Kijana wa CV yeye aliandika "The company which I worked for, was closed." Mkato mmoja, peke yake, katikati ya mtenda na kitenzi chake, kama konda aliyesimama mlangoni hapandi hashuki. Ama iwe miwili, ama usiwepo kabisa. Ruhusa ya kuwa na mmoja ni pale maneno ya ziada yanapoishia mwisho wa sentensi, maana nukta inakuja kufunga yenyewe. Na ukifungua kwa mkato ufunge kwa mkato. Usifungue kwa mkato ukafunga kwa kistari, huo si mlango, ni dirisha.

Msinicheke. Kanada makampuni makubwa mawili, Rogers na Aliant, yaligombana kwa huu wa kufungia. Mkataba wa kukodi nguzo za kupitishia nyaya, wa mwaka 2002: miaka mitano, mkato, kisha mitano mingine mfululizo, mkato, isipokuwa upande mmoja utoe notisi ya mwaka mzima. Mwaka 2006 mamlaka ya mawasiliano ikasema ile mikato miwili imeyaweka kando maneno ya kuongeza muda, kwa hiyo notisi inagusa hata ile miaka mitano ya mwanzo, na Aliant inaweza kujitoa mapema. Mwaka 2007 wakageuza uamuzi, baada ya kusoma kielelezo cha mkataba huo kwa Kifaransa. Unaona? Kiingereza kilipowashinda wakaenda kuuliza jirani. Mimi jirani sina.

Nina kompyuta, nayo inanichorea mstari. Nikiandika "which" bila mkato inanuna, inataka "that", kwa sababu imefundwa Kimarekani. Waingereza wao "which" bila mkato wanaiandika tu na wanalala usingizi. Hiyo "that" angalau haina maswali: ikitambulisha kitu, mkato marufuku. Mkimwona mtu kaweka mkato kabla ya hiyo "that", mwelekezeni kwangu, nina nafasi saa nane mchana, joto likiwa limekolea.

Na kitufe chenyewe cha mkato kwenye kibodi hii kimeanza kunasa. Kiko jirani na M. Unabonyeza mara moja inatoka saba, kisha unafuta sita, na ukifuta unapitiliza unakula na M. Fundi wa Kariakoo kanitajia elfu kumi na tano, kibodi nzima, kwa kitufe kimoja! Barua kumi na tano hizo, na bado hujatoa nauli. Nikamwambia anisafishie kwa spiriti tu, akasema spiriti imepanda. Kila kitu kimepanda, hata andazi limepungua unene na bei imesimama palepale ili tusiseme limepanda, na yule mama wa maandazi... haya, umeme umekwenda. Na nilikuwa sijaseivu.