Mhasibu na Jogoo Wake

Mimi ni mhasibu wa kijijini. Msimu wa kodi ukifika naitwa bosi. Ukipita, narudi kuwa yule jirani wa miwani.

Huku pesa taslimu haionekani, tunalipana kwa kazi. Nipigie hesabu, nikutengenezee mlango. Kwenye mazungumzo ni tamu kweli! Shida zetu sasa ndizo hazitaki kukutana. Paa langu linavuja leo, na hesabu za fundi nilizimaliza zamani.

"Fundi, ziba, nitakulipa hesabu za mwakani."

"Bosi, mlango niliokupa unaufungua kila siku. Zile karatasi zako nimeziona mara moja tu. Mimi nataka viatu."

Nikaenda kwa mshona viatu. Yeye ng'ombe wake anaumwa, anataka daktari wa mifugo. Nikafurahi, maana daktari ni mteja wangu. Nikakimbia na mvua yangu kichwani.

"Lakini mimi na wewe tulishamalizana," daktari akasema. "Si nilikupa jogoo?"

Jogoo huyo! Aliletwa amefungwa miguu, nikamweka mezani nitafute kisu cha kukata kamba. Niliporudi, alishatia muhuri wake kwenye hesabu za mwalimu mkuu, tena mahali pa sahihi. Anawika saa nane usiku. Marekani ukilipwa kwa kubadilishana, unatakiwa kuonyesha kwenye kodi thamani yake ya soko. Haya, jogoo asiyejua saa ana thamani gani?

Najua siko peke yangu. Katika karne ya 19 mwimbaji mmoja wa Paris alitumbuiza kwenye visiwa vya Bahari ya Pasifiki, na fungu lake likawa nguruwe 3, bata mzinga 23, kuku 44 na nazi 5,000, mbali na matunda. Wengine hucheka. Mimi nawaza wale kuku 44 walilala wapi.

Basi daktari akalegea: nimrudishie jogoo, atamtibu ng'ombe, mshona viatu atashona, fundi ataziba. Nikaona nimefika.

Nimerudi nyumbani na kamba mkononi. Jogoo kaniona, karuka. Sasa hivi riziki ya watu wanne imekaa juu ya paa langu, kando ya tundu lenyewe, inanichungulia. Na ngazi anayo fundi.