Tuboreshe Nini, Mnaniuliza?

Jumatatu asubuhi, nikiwa nimekunjwa kwenye kiti cha nyuma cha matatu pale Roysambu, begi langu miguuni na mtoto wa mama nisiyemjua akinilalia begani, simu yangu ililia. Nilitumaini kwamba ni mtu ninayemdai amekumbuka Mungu. Kumbe ulikuwa ujumbe kutoka kwa ile bustani ya michezo ambako niliipeleka familia yangu Jumamosi. Walinishukuru kwa kuwatembelea, kisha wakaniuliza kwa upole mkubwa: ningependa waboreshe nini? Jibu lisizidi herufi 160.

Herufi 160! Malalamiko yangu kuhusu choo pekee yanapita hapo, na hayo ni kabla sijaufikia mlango, ambao kwa kweli haukuwapo. Ndiyo maana nimeamua kuwajibu hapa, kwa lugha ya heshima, kama mtu mzima aliyelipa kiingilio cha watu sita kwa fedha ambazo mwalimu mkuu wa shule fulani anadhani ni zake. Ningependa ieleweke mapema kwamba mimi sitaki bustani hiyo ifungwe. Mke wangu ndiye anayetaka ifungwe, na wenyewe wafungwe pamoja nayo.

Langoni, soja alifungua kikapu cha mama mkwe wangu, akakuta chapati kumi na nne, akatangaza kwamba chakula cha nje hakiruhusiwi ndani. Mama mkwe alimwuliza kama yeye mwenyewe alizaliwa humo ndani. Chapati zilibaki. Mtelezo wa maji, ambao katika bango la barabarani una rangi ya buluu na familia yenye meno yote, ulikuwa mkavu, na chini yake mtu alikuwa ameanika nguo. Minazi ilikuwa ya plastiki. Treni ya watoto ilikuwa imeegeshwa, na katika behewa la pili kuku alikuwa ameatamia mayai kwa utulivu wa mtu aliyelipa kodi ya nyumba. Panya mkubwa wa manyoya aliyetumwa kuwachangamsha watoto alivua kichwa chake ili ale chipsi, na kitinda mimba wangu hajalala vizuri tangu siku hiyo.

Haya yote ningeyasamehe. Mimi ni mkazi wa Nairobi, nimesamehe makubwa zaidi kabla ya saa tatu asubuhi. Ila kuna lile gurudumu.

Ni gurudumu kubwa la kupandisha watu hewani, lenye vibanda kumi na viwili ambavyo vichache kati yake vina milango. Kijana wa mashine alitutazama jinsi kondakta anavyotazama abiria kabla ya kuwapanga, akasema kwamba uzito lazima usawazishwe. Mke wangu na watoto watatu aliwaingiza katika kibanda kimoja. Kisha akatugeukia mimi na mama mkwe. "Na nyinyi wazee wawili, hapa."

Msomaji aliyeoa ameshika kichwa tayari. Kwetu, mtu hali mbele ya mama mkwe wake, hampi mkono, na akimwona kwa mbali njiani huvuka barabara hata kama anakokwenda ni upande ule ule. Mimi niliwekwa naye katika sanduku la chuma ambalo upana wake haufiki mita moja, magoti yetu yakielekeana, nikafungiwa kwa kipande cha waya. Nilijaribu kumweleza kijana jambo hili kwa lugha ya mafumbo ili mama asielewe. Kijana naye hakuelewa. Alisema watu wanangoja nyuma, akavuta mtaimbo.

Tulizunguka mara mbili vizuri. Mara ya tatu, tulipofika kileleni kabisa, gurudumu lilikohoa likasimama. Muziki ulikatika, friji ya aiskrimu ikanyamaza, na kutoka chini sauti ikasema neno ambalo kila Mkenya hulisema kwa sauti ile ile ya kuchoka: stima.

Mimi nilitazama kaskazini na mama mkwe akatazama kusini. Katika sanduku lisilofika mita moja, hiyo ni kazi nzito ya shingo. Dakika kumi zilipita hivyo. Mmoja wa wale korongo wa jijini, wanaojenga viota juu ya miti ya barabarani na kututazama kama mawakili wastaafu, alikuja akatua juu ya kibanda kitupu kilichokuwa mbele yetu.

"Huyu naye amelipa?" mama mkwe aliuliza.

Nilicheka kwa adabu. Hilo lilikuwa kosa, kwa sababu mazungumzo yalikuwa yamefunguliwa.

"Baba Imani."

"Naam, mama."

"Ule mtamba."

Mtamba huo niliuahidi mwaka 2016, mbele ya wazee, nikiwa nimeshiba. Tangu hapo kila mwaka nimekuwa na sababu njema: ukame, karo, uchaguzi, korona, na uchaguzi tena. Sababu hizo nimezoea kuzitoa kwa simu, mahali ambapo mtu anaweza kusema "mama, mtandao unapotea" na kweli ukapotea. Huko juu mtandao ulikuwa safi ajabu.

"Mama, mtamba uko njiani."

"Uko njiani miaka mingapi? Hata kama ungekuwa unakuja kwa miguu kutoka Garissa, ungekuwa umefika, na mtoto nyuma yake."

Kabla sijapata jibu, kijana wa mashine alishika kipaza sauti cha betri na kutuita wateja wapendwa. Jenereta ilikuwapo, alisema, tena nzima, ila haikuwa na dizeli. Kwa hiyo tuliombwa kuchanga shilingi mia moja kila mmoja kwa nambari ya simu ambayo angeitaja polepole, na mtu wa boda boda alikuwa tayari. Nimehudhuria michango ya harusi, ya matanga, ya hospitali na ya paa la kanisa ambalo halijawahi kuezekwa. Sijawahi kuchangishwa ili niteremshwe duniani.

Watu watatu wakikwama pamoja Nairobi huunda kamati, na sisi tulikuwa zaidi ya ishirini. Kibanda kimoja kilidai risiti. Mzee wa kibanda cha chini, ambaye viatu vyake karibu viguse nyasi, alihoji kwa nini atoe sawa na sisi wa kileleni, ilhali safari yake ilikuwa ya kuruka tu. Swali hilo lilijadiliwa kwa kupaziana sauti, hadi ikakubaliwa kwamba kila mtu alipe kulingana na kimo chake. Ndivyo nilivyojikuta ninadaiwa kiasi kikubwa kuliko wote, kisha nikateuliwa mweka hazina, kwa hoja kwamba nilikuwa mahali ambapo nisingeweza kutoroka na fedha.

Mama mkwe alifuatilia yote hayo kwa makini. Nilipokwisha kutuma mchango wangu, alitikisa kichwa taratibu. "Kumbe pesa huwa zipo."

Mtu wa boda boda alirudi na mtungi wa lita tano baada ya muda ambao siwezi kuupima kwa saa. Tuliposhuka nilikuwa nimeahidi mtamba kabla ya Krismasi, na nikaongeza mbuzi ambaye hakuna aliyemwomba, kwa shukrani tu ya kuona ardhi ikinikaribia.

Usiku huo usingizi ulinikataa, nikaingia katika simu kutafuta kama kuna bustani nyingine duniani iliyowahi kuaibika namna hiyo. George Ferris alipowaletea watu wa Chicago gurudumu lake mwaka 1893, lilifika karibu mita 80 kwenda juu, likabeba zaidi ya watu 2,000 kwa mara moja, na liliendeshwa kwa mvuke. Sijasoma popote kwamba abiria walichangishwa makaa. Lakini aibu nyingine zipo, tena za wakubwa. Disneyland yenyewe ilipofunguliwa huko California tarehe 17 Julai 1955, watu walifurika kwa tiketi bandia, lami ya siku chache ikalainika kwa joto hadi visigino vya akina mama vikazama, na mabomba ya maji ya kunywa hayakutoa maji. Mafundi wa mabomba walikuwa wamegoma, wakati hautoshi, na Walt Disney alilazimika kuchagua kati ya vyoo na maji ya kunywa. Alichagua vyoo. Hapo nilikaa wima kitandani, nikamwamsha mke wangu ili ajue kwamba duniani kumewahi kuwa na kiongozi. Aliniambia nilale.

Sikulala. Kampuni hiyo hiyo ilifungua bustani karibu na Paris mwaka 1992, ikawakataza Wafaransa divai ndani yake. Wafaransa walinuna, hasara ikatisha, na mwaka uliofuata divai ikaruhusiwa mezani. Ninawaomba wakurugenzi wa bustani yetu wasome sentensi hiyo mara mbili, kisha wanijibu kwa herufi zozote wanazotaka: ikiwa Wafaransa walirudishiwa divai, chapati za mama mkwe wangu zina kosa gani?

Mwaka 2001 hao hao wa Disney waliongeza bustani nyingine pale pale California, na mada yake ilikuwa California. Ni sawa na kumtoza Mnairobi kiingilio ili akaone foleni ya magari. Watu hawakwenda kwa wingi uliotarajiwa. Hawakuifunga, mwaka 2007 walitangaza matengenezo ya zaidi ya dola bilioni 1, wakayafanya hatua kwa hatua, sehemu moja ikifungwa nyingine ikibaki wazi, hadi mwaka 2012 ndipo wakasema sasa njooni mwone. Miaka 11 ya kurekebisha kosa! Mimi sidai dola bilioni. Ninadai dizeli.

Basi, wakubwa, kwa kuwa mmeniuliza, mwaka wa kwanza msinunue mashine yoyote. Ng'oeni minazi ya plastiki mpande miti yenye majani. Bustani ya Tivoli mjini Copenhagen imekuwapo tangu 1843, na watu bado wanalipa kuingia mahali ambapo sehemu kubwa ya raha ni miti, maua na taa za jioni. Mwanzilishi wake alisema tangu mwanzo kwamba haitakamilika kamwe. Nyinyi pia hamjakamilika, lakini wenzenu walisema kwa fahari. Jumamosi kivuli pekee kilikuwa cha tangi la maji, na familia kumi na moja zilikizunguka pamoja nalo kadiri jua lilivyosogea, tukiwa kama mshale wa saa. Mjakaranda hauhitaji stima. Pandeni Jumatatu. Na mlango wa choo, tafadhali, kwa ajili ya Walt Disney.

Mwaka wa pili, acheni kuagiza vipuri ambavyo havifiki. Pale Kamukunji kuna mafundi wa jua kali wanaogonga bati kuanzia alfajiri, na vile vibanda visivyo na milango wangevipatia milango kabla chai haijapoa. Kisha waiteni wachoraji wa matatu. Kijana anayeweza kupaka ubavu wa basi moja sura ya mwanamuziki, simba, radi tatu na mstari wa Biblia, nanyi mnaacha vibanda vyenu vikiwa na kijivu cha ofisi ya chifu? Mtoto wa Nairobi hupanda matatu yenye taa za zambarau kwenda shuleni. Huwezi kumshangaza kwa kijivu.

Yule panya mstaafisheni. Waholanzi wana bustani inaitwa Efteling, ambayo mwaka 1952 ilifungua msitu wa hadithi kumi tu. Humo kuna mapipa ya taka yenye sura ya mtu mnene anayeomba apewe karatasi, na ukimpa anashukuru, hivyo watoto hutafuta taka za kumlisha. Hebu fikirini pipa lenye sura ya fisi! Fisi wetu wa ngano hajawahi kushiba tangu dunia iumbwe. Kazi hiyo aliumbiwa zamani. Kando yake aketi sungura anayekata tiketi, kwa kuwa udanganyifu wa bei mnao tayari na unahitaji sura ya kuchekesha. Fisi huyo afungwe kwa mnyororo, si kwa ukali wake, bali kwa sababu hili ni jiji letu na pipa lisilofungwa asubuhi huwa sufuria ya mtu.

Kuhusu gurudumu, nilikuwa nimeandika aya ndefu yenye hasira, lakini jana jioni mama mkwe alimpigia mke wangu simu. Inasemekana alifurahi sana. Aliona mbali, alisema, na kwa mara ya kwanza tangu harusi amezungumza na mume wa binti yake bila mtandao kupotea. Anataka kurudi shule zikifungwa Agosti, na ameshasema kibanda atakachokaa na atakayekaa naye.

Kwa hiyo, wakubwa, lile jenereta lijazeni. Na kama miongoni mwa wasomaji kuna mtu Kajiado au Kitengela anayeuza mtamba mmoja mtulivu, asiwe wa bei ya maonyesho, aniambie kabla ya Agosti. Mbuzi nitamtafuta mwenyewe.