Biden alishinikizwa kwa haki, ila alichelewa kuambiwa

Hoja ya Joe Biden bado inawagawa wanywa kahawa wa hapa Mwanza. Wapo wanaoshikilia kwamba chama chake kilimsaliti mwaka 2024, na wapo wanaosema kilimwokoa na aibu kubwa zaidi. Mimi naona shinikizo lile la kumtaka aache kugombea tena urais wa Marekani lilikuwa halali. Lakini wanaolipinga nao wana hoja nzito.

Tukumbushane. Mdahalo wake na Donald Trump ulifanyika Atlanta tarehe 27 Juni 2024. Huku kwetu ilikuwa saa kumi alfajiri ya Ijumaa, na kulipokucha vipande vyake vilikuwa vimeshajaa kwenye simu. Rais wa miaka 81, sauti imemkauka, anaanza kuzungumzia kodi na huduma za afya, anapoteza mtiririko, ananyamaza, kisha anahitimisha kwamba hatimaye "tumeishinda Medicare", yaani ile bima ya afya ya wazee ambayo chama chake kimeipigania miaka nenda rudi. Siku tano baadaye Lloyd Doggett wa Texas akawa mbunge wa kwanza wa chama chake, Democratic, kumtaka hadharani ajiondoe. Biden akagoma, akasema kwenye televisheni kwamba wa kumtoa ni Mwenyezi Mungu peke yake. Tarehe 21 Julai akajiondoa.

Wanaomtetea wanaanza na kura. Watu wapatao milioni 14 walimpigia kwenye mchujo wa chama, halafu vigogo na wafadhili wakaja kuwaambia chaguo lenu halifai. Mtanzania hahitaji kufafanuliwa maumivu hayo. Tumeona mara ngapi mtu anaongoza kura za maoni, kisha jina lake linakatwa huko juu bila maelezo? Hata hivyo kuna tofauti. Biden hakukatwa jina. Aliambiwa hadharani, na watu wenye majina na nyadhifa zao, na uamuzi wa mwisho akaufanya mwenyewe. Tena mchujo wenyewe haukuwa na mpinzani wa maana, kwa hiyo wale milioni 14 hawakupewa nafasi ya kweli ya kulinganisha.

Hoja yao ya pili inanigusa zaidi, nayo ni ya heshima kwa wazee. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunajua uzee ukigeuzwa kuwa tuhuma mambo yanaishia wapi. Usukumani bibi zetu wameuawa kwa panga kwa sababu tu macho yao ni mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni, wakaitwa wachawi. Kwa hiyo ninapoona watu wakicheka mwendo wa Biden au wakihesabu mara ngapi amejikwaa, sifurahii hata kidogo. Huko si kumwajibisha kiongozi. Na kama umri pekee ungekuwa kigezo, Trump asingefika mbali: Januari 2025 aliapishwa akiwa na miaka 78, mkubwa kuliko rais yeyote wa Marekani siku ya kuapishwa.

Kinachopaswa kuulizwa ni kazi, kama tunavyoiuliza kwa wengine. Mwalimu wa shule ya msingi Nyamagana anastaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, awe bado ana nguvu au hana. Jaji wa Mahakama Kuu vivyo hivyo. Mbunge hana ukomo wowote, si wa umri wala wa vipindi. Rais wetu anabanwa na vipindi viwili vya miaka mitano, na Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama hapo jirani, aling'atuka mwaka 1985 akiwa na miaka 63.

Ng'ambo ya ziwa hali ni nyingine. Uganda iliondoa ukomo wa vipindi mwaka 2005, na mwaka 2017 ikaondoa kikomo cha miaka 75, huku wabunge waliopinga wakiburutwa nje ya ukumbi na walinzi. Rais Museveni yuko Ikulu tangu Januari 1986. Mganda anayetaka kiongozi wake apumzike hana mlango wa kubisha ndani ya chama tawala. Wademokrati walikuwa nao, wakautumia. Ndiyo maana siwezi kuuita usaliti.

Makamu wake Kamala Harris, aliyegombea badala yake, alibaki na siku 107 za kampeni, akashindwa. Wapo wanaolitumia hilo kama ushahidi kwamba Biden angeachwa agombee. Mimi nalaumu kuchelewa. Biden alitangaza kugombea tena tarehe 25 Aprili 2023, miezi mitano baada ya kutimiza miaka 80. Siku ile kulikuwa na muda wa kutosha wa kufanya mchujo wa kweli, wananchi wakamchagua mrithi wao wenyewe, na mzee akamaliza muhula wake kwa heshima. Wa kuulizwa kwa nini halikufanyika ni waliokuwa wakikaa naye mezani wakati huo, si Doggett.