Mwasi Mmoja Dhidi ya Dola: Nafsi Yake Ameitoa Wapi?

Mpangilio wa riwaya za distopia unajulikana. Kuna dola inayotawala mpaka usingizi wa raia, kuna mtu mmoja anayeanza kuhoji, na msomaji anafuatana naye hadi anyongwe, akimbie au anyamazishwe. Wanaoupenda husema hakuna njia nyingine ya kuonyesha udhalimu unavyoingia ndani ya mtu. Wanaoupinga husema ni uongo mtamu: utawala wa kiimla hauangushwi na mtu mwenye daftari, na kumtukuza huyo mmoja ni kuwadharau wengine wote. Ubishi huu mara nyingi huishia kwenye hatima yake, kama alishinda au alishindwa. Swali lenye uzito zaidi liko nyuma ya hapo: mtu aliyelelewa na dola tangu utotoni ameipata wapi nafsi ya kuiasi?

Riwaya ya Yevgeny Zamyatin, My, yaani "Sisi", iliandikwa 1920 na 1921, ikatoka kwa Kiingereza jijini New York mwaka 1924, na nchini mwake haikuchapishwa hadi 1988. Raia wa Dola Moja wana namba badala ya majina. Nyumba zao ni za vioo, na mapazia hushushwa kwa kibali, kwa kuponi ya rangi ya waridi. Ratiba ya siku humwachia kila mtu saa mbili tu za kwake: kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja jioni, kisha saa tatu hadi saa nne usiku. D-503, mhandisi wa chombo cha anga, ni mtiifu kupindukia. Haandiki ili aasi. Anaandika kuisifu dola, maandishi yake yapakiwe kwenye chombo yawafikie wakazi wa sayari nyingine. Hapo ndipo anapoponzeka, maana kumweleza mgeni jambo ulilolizoea kunakulazimu ulitazame upya, na sifa zinaanza kugeuka utetezi. Kuna mwanamke pia, I-330, anayemvuta, lakini ufa ulikuwa umeshaanza kwenye karatasi. Daktari anamwambia kwamba roho imemea ndani yake, na kwamba ugonjwa huo hauna tiba.

Huu ndio usawiri unaoshawishi kuliko wote, kwa sababu upekee wa mhusika umetengenezwa kwa vifaa vya dola yenyewe. Hakuzaliwa na damu ya uasi. Alipewa kazi, akaifanya kwa bidii kupita kiasi.

George Orwell aliihakiki riwaya hiyo mwaka 1946, kisha mwaka 1949 akatoa Nineteen Eighty-Four. Wasomaji wengi humkumbuka Winston Smith akiandika shajara yake kwenye kona ambayo runinga ya kupeleleza haikuweza kuiona. Wachache hukumbuka ofisini kwake. Kazi yake ni kusahihisha magazeti ya zamani yalingane na yanayosemwa na Chama leo, na tunaambiwa kwamba kazi hiyo ndiyo starehe yake kubwa maishani. Kuna siku anatakiwa kufuta hotuba iliyomsifu mtu aliyekwisha kupotezwa. Anaijaza nafasi hiyo kwa kumzua Ndugu Ogilvy, shujaa aliyekufa vitani akiwa na miaka 23. Anampa hata utoto: akiwa na miaka 3 alikataa vitu vyote vya kuchezea isipokuwa ngoma, bunduki na helikopta ya mfano, akiwa na miaka 11 alimripoti mjomba wake kwa Polisi wa Fikra. Ni kazi ya msanii hasa, na msanii huyo ni Winston. Kipaji chake, kile tunachokiita upekee wake, kinaitumikia dola vizuri kuliko kinavyoitikisa. Shajara inakuja pembeni tu.

Wakosoaji wa mwasi mmoja hupata silaha yao nzuri papa hapa. Winston anaandika kwamba kama kuna tumaini, liko kwa walalahoi, ambao ni asilimia 85 ya watu. Lakini anapokwenda kwao, anamnunulia mzee bia na kumhoji kuhusu maisha ya kabla ya Mapinduzi, anaambulia habari za vipimo vya bia na kofia ndefu, na anaondoka amekata tamaa. Mtu anayewaza hivi kuhusu majirani zake amekwisha kukubaliana na watawala kuhusu jambo kubwa: kwamba watu wengi ni kundi tu. O'Brien naye, mtesaji wake, humwambia Winston kwamba kama Winston ni binadamu, basi ni wa mwisho. Upweke huo ambao msomaji anaweza kuuona kama heshima umepikwa na dola. Mwanafalsafa Hannah Arendt, katika uchambuzi wake kuhusu asili ya utawala wa kiimla, aliutaja upweke kuwa ndio udongo tawala hizo zinamoota.

Hoja hiyo ni kali, lakini inapungukiwa mahali pamoja. Dola za kiimla huzungumza kwa jina la umma. "Sisi" ni neno lao. Mwandishi anayetaka kuupinga utawala huo kwa sauti ya umati atapata taabu kuonyesha "sisi" yake inatofautianaje na ile iliyoko ikulu. Ndiyo maana kurudi kwenye kichwa cha mtu mmoja si ulegevu wa ploti. Ni namna ya kuonyesha kitu ambacho umati hauwezi kukionyesha: mtu akijidanganya, akishtuka, akijidanganya tena.

Riwaya nyingi zinaharibikia kwenye kipimo cha upekee huo, kwa hitilafu tatu. Katika Anthem ya Ayn Rand (1938), mhusika anayeitwa Equality 7-2521 amezaliwa na akili kuliko wenzake wote, kwa hiyo uasi wake hauhitaji sababu. Anapopata uhuru anajichagulia jina, halafu anamchagulia mwenzake wa kike jina pia. Kitabu kizima kinatetea haki ya mtu kujiita, na mwanamke aliyemo hajiiti. Hitilafu ya pili ni dola ya kijinga, ambayo walinzi wake hawaoni kitu, hivyo ushujaa unakuwa rahisi mno. Ya tatu ni mapenzi kufanywa injini pekee ya uasi. Ondoa mpenzi, na mwasi anabaki mtumishi mwema.

Margaret Atwood aliepuka yote matatu katika The Handmaid's Tale (1985). Offred, mwanamke anayemilikiwa na dola ili amzalie bwana wake watoto, na ambaye jina lake linamaanisha mali ya Fred, hafanyi mapinduzi. Anaficha siagi kwenye ncha ya kiatu aje aipake usoni na mikononi, kwa kuwa losheni imepigwa marufuku kwa wanawake wa aina yake. Ni kosa dogo, lina gharama, na linatokana na kitu cha mezani kwa bwana wake. Linaeleza nafsi yake kuliko hotuba ingeweza.

Upande wa wanaotetea uasi wa umati nao una deni lake, na The Hunger Games ya Suzanne Collins inalidai vizuri kuliko vitabu vingi vya watu wazima. Katika juzuu la tatu (2010), waasi wa Wilaya ya 13 wanampokea Katniss, msichana ambaye ndiye mhusika mkuu, wanamvisha sare, wanampa maneno ya kusema mbele ya kamera studioni. Picha zinatoka mbovu. Inabidi apelekwe kwenye vita halisi ndipo aseme kitu kinachosikika, nacho hurekodiwa papo hapo na kutangazwa. Waasi wanauhitaji upekee wake, lakini kama malighafi. Baadaye anamlenga mshale kiongozi wa waasi badala ya dikteta aliyeshindwa, na kwenye kesi utetezi unaomwokoa ni kwamba amerukwa na akili. Serikali mpya inakubali, inamrudisha nyumbani, na mambo yanaendelea bila yeye.