Hasheem Thabeet na mzigo wa namba mbili

Kila inapotungwa orodha ya makosa makubwa katika drafti ya NBA, yaani zamu ya kila mwaka ambapo timu za ligi kuu ya kikapu ya Marekani huchagua wachezaji wapya, jina la Hasheem Thabeet halikosekani. Sababu inayotolewa ni ileile: Juni 25, 2009, Memphis Grizzlies walimchukua kijana huyo wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa mita 2.21, akawa wa pili nyuma ya Blake Griffin, huku nyota wa baadaye James Harden akichukuliwa wa tatu na Stephen Curry akisubiri hadi nafasi ya saba. Sisi Watanzania, kwa upande wetu, tumezoea kumtetea kwa hoja moja tu, kwamba ndiye Mtanzania wa kwanza kufika huko, kana kwamba kufika kunafuta yote yaliyofuata. Naona pande zote mbili zinalikwepa swali lenyewe, ambalo ni la kimpira zaidi kuliko la fahari au dhihaka: kile kilichomfanya atishe chuoni kilikwenda wapi alipoingia kwenye ligi ya wakubwa?

Kwamba alitisha, hakuna ubishi. Katika misimu mitatu aliyokaa Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun, alizuia mitupo 417, idadi ambayo katika historia ya chuo hicho inazidiwa na ile ya Emeka Okafor peke yake. Msimu wake wa mwisho alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi (mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa) 10.8 na mitupo 4.2 iliyozuiwa kwa kila mchezo, na timu ikafika nusu fainali ya taifa. Wapinzani waliacha hata kupeleka mpira karibu na goli alipokuwa amesimama pale, jambo ambalo takwimu haziwezi kulihesabu.

Neno la kuzingatia hapo ni "amesimama". Katika kikapu cha vyuo vya Marekani hakuna kanuni inayomkataza mlinzi kujikita chini ya goli lake muda wote anaotaka. NBA kuna kanuni hiyo: mlinzi asiyemkaba mtu kwa karibu haruhusiwi kukaa ndani ya eneo lile kwa zaidi ya sekunde tatu, na akikosea, wapinzani hupewa mtupo mmoja wa bure na mpira unabaki kwao. Maana yake ni kwamba mtu mrefu hulazimika kutoka na kurudi, kumfuata mshambuliaji mbali na goli, kisha kugeuka na kumuwahi mshambuliaji mwepesi anayekuja kwa kasi. Kazi hiyo inadai miguu kuliko urefu, na miguu ya Thabeet haikuwa na wepesi huo. Alichelewa hatua moja, na hatua moja aghalabu huzaa faulo.

Dalili zilikuwapo mapema kwa aliyetaka kuziona. Februari 16, 2009, siku aliyotimiza miaka 22, Connecticut ilicheza na Pittsburgh yenye DeJuan Blair, mchezaji mfupi kwake kwa takriban sentimita 20 lakini mwenye mwili kama gogo. Walipokuwa wakigombea ribaundi mikono yao ikanasana, Blair akamwinua na kumpitisha juu ya bega lake hadi chini kama mcheza mieleka. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23, Thabeet na pointi tano na ribaundi nne. Mwisho wa msimu wawili hao waligawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya Big East, kisha kwenye drafti Thabeet akawa wa pili na Blair wa 37. Memphis walinunua urefu, na usiku ule mmoja ulikuwa umeshaonyesha kwamba urefu una mahali unapoishia.

Wanaomtetea wana hoja nzito zaidi wanapoigeukia timu yenyewe. Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol katika nafasi yake, na wiki chache baada ya drafti wakamleta Zach Randolph. Kijana aliyehitaji dakika nyingi za kujifunza akaambulia kama 13 kwa mchezo, na Februari 2010 akashushwa ligi ya maendeleo, akiwa mchezaji wa nafasi ya juu zaidi katika drafti kufanyiwa hivyo hadi wakati huo. Katika dakika hizo 13 alikuwa akizuia wastani wa mitupo 1.3, kiwango ambacho kwa muda aliopewa si kibaya hata kidogo. Hata hivyo nakiri kwamba hesabu za namna hii hudanganya: mtu anayechezeshwa kidogo kwa sababu ya faulo hawezi kupimwa kana kwamba angebaki uwanjani dakika 35.

Hoja ya kuchelewa kuanza mchezo, akiwa na umri wa miaka kama 15, hainishawishi. Hakeem Olajuwon alianza katika umri wa karibu na huo Nigeria, na Joel Embiid vivyo hivyo Kamerun. Wote wawili walikuwa na miguu myepesi kabla hawajajua kikapu, na kila mwaka waliongeza silaha mpya. Thabeet aliongeza kidogo sana, na sehemu hiyo ya lawama ni yake.

Kumlinganisha na Curry ndiko ninakoona uonevu. Minnesota walichagua mara mbili mfululizo, nafasi ya tano na ya sita, na zote wakachukua wachezaji wa nafasi kama ya Curry uwanjani, lakini si yeye. Mmoja wao, Jonny Flynn, alijikuta Machi 2012 amefungashwa pamoja na Thabeet katika biashara ileile, Houston ikiwapeleka wote wawili Portland ili impate Marcus Camby. Flynn leo anakumbukwa na wachache. Tofauti ni namba mbili, ambayo Thabeet hakujipa.

Alicheza michezo 224 ya NBA kwa wastani wa pointi 2.2, mingi ya maana ikiwa Oklahoma City, ambako msimu wa 2012-13 aliingia uwanjani mara 66 kama senta wa akiba, bila mtu kumtarajia awe nyota. Nadhani hicho ndicho kilikuwa kimo chake halisi katika ligi ile. Mwaka 2017 alitua Japani na timu ya Yokohama, kisha baadaye Taiwan. Japani wanacheza kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ambazo humruhusu mlinzi kusimama chini ya goli lake mpaka achoke.