Skrubu Haikazwi kwa Kipanya

Nimesoma tangazo la chuo kimoja cha ufundi, ambacho sitakitaja, kikijivunia kwamba wanafunzi wake wa umeme wa majumbani sasa wanafanya mazoezi yao yote kwenye kompyuta, bila waya kupotea wala kifaa kuungua. Hongera kwa kuokoa waya. Nyumba watakazoziwekea umeme zitaokolewa na nani?

Sipingi uigaji, yaani kujifunzia kwenye mashine au kompyuta inayoiga kazi halisi. Marubani wamenufaika nao tangu Mmarekani Edwin Link alipounda mashine yake ya kuigiza urukaji mwaka 1929, na hakuna atakayetaka injini izimwe angani ili mwanafunzi apate uzoefu. Lakini hata huko, mashine hufundisha yale tu iliyotiwa. Mei 2019, baada ya ajali mbili za Boeing 737 MAX, ya pili ikiwa ya ndege ya Ethiopian iliyokuwa ikija Nairobi na watu 157, ambao wote walikufa, Boeing ilikiri kwamba programu ya mashine za kufundishia marubani wa ndege hiyo haikuweza kuonyesha baadhi ya hali za urukaji.

Sasa njoo kwenye soketi. Kwenye skrini waya umeungwa au haujaungwa. Taa ikiwaka, alama zinatolewa. Ukutani kuna waya ulioungwa kwa skrubu isiyokazwa sawasawa. Taa inawaka, testa inaonyesha umeme upo, na mwenye nyumba anamlipa fundi kwa shukrani. Kisha, kila pasi inapowashwa, pale palipolegea panapata joto, shaba inaharibika, ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, unaongezeka, joto linazidi, hadi plastiki inayeyuka. Sakiti breka, swichi ya kukata umeme unapozidi, haishtuki, kwa kuwa mkondo wa umeme haujavuka kiwango chake. Na ikiwa kilicholegea ni nyutro, waya wa kurudishia umeme, ya nyumba yenye fezi tatu, yaani nyaya tatu za kuleta umeme, volti 230 za fezi yenye matumizi madogo zinaweza kupanda kuelekea 400, na friji na televisheni zikaungua kwa pamoja. Mkazo unaofaa hujulikana na mkono ulioharibu skrubu kadhaa huku mwalimu akifoka.

Nakubali, shingo upande, kwamba kompyuta inafaa kwa kusomea michoro na kwa kupigia shoti zisizoua mtu. Mwanafunzi azipige atakavyo, kisha aingie karakana na bisibisi. Soketi moja chakavu inafungwa na kufunguliwa muhula mzima. Wakisema karakana ni gharama, sijui gharama hiyo ni ipi, hasa kwa chuo kilichopata fedha za kununua kompyuta. Kama hakina karakana, kiseme hivyo, na kwenye cheti kiandike kwamba mhitimu huyu hajawahi kukaza skrubu.